Bibokoboko: Harusi inakaribia, kibuyu cha shangazi bado kichanga

Jumapili jioni, saa moja na dakika chache, simu yangu ililia. Ilikuwa ni sauti ya WhatsApp ya dakika nne, kutoka kwa shangazi yangu aliyeko Baraka. Nilisimama kando ya barabara nikaiweka sikioni, maana mtu mwenye jamaa Fizi akipokea sauti ndefu usiku, moyo wake hutangulia kufikiri mabaya. Safari hii hapakuwa na risasi wala msiba. Shangazi alikuwa anatoa taarifa kwamba mmea wake wa kibuyu, ule alioupanda ndani ya beseni nyuma ya nyumba, umetoa ua jingine, na ua hilo nalo limeanguka.

Ua lilichukua karibu dakika mbili. Zilizobaki zilikwenda kwa bei ya ndakala, homa ya mtoto wa jirani ambayo imepoa, na harusi ya dada yetu, binti wa baba mdogo, ambayo familia imekubaliana ifanyike mwisho wa mwezi ujao.

Sauti hiyo ilifika kwa watu 38, wote wa ukoo mmoja, wote wenye asili ya Bibokoboko. Hakuna hata mmoja kati yao anayelala Bibokoboko leo.

Kwa msomaji asiyepajua, Bibokoboko iko katika milima iliyo juu ya Baraka, wilayani Fizi, Kivu ya Kusini. Ukiwa Baraka chini, kando ya ziwa Tanganyika, kuna joto, michikichi, samaki na kelele za pikipiki. Ukipanda, hewa inabadilika. Jioni unatafuta shuka nzito, asubuhi ukungu unakaa juu ya majani mpaka jua lipate nguvu. Huko watu walilima maharagwe, mahindi na viazi, na ng'ombe walikuwa wengi. Walioishi pale hawakuwa wa kabila moja, na sitaandika hapa kabila la shangazi yangu. Nawajua wasomaji wetu, nikilitaja tu, nusu yao wataacha kusoma habari ya kibuyu na kuanza kuhesabu nani alimchomea nani.

Itoshe kusema kwamba tangu mwaka 2017 vijiji vingi vya milima ya Fizi, Uvira na Mwenga vimechomwa, na mwezi wa Oktoba 2021 zamu ilifika Bibokoboko. Nyumba ziliungua, mifugo ikaondoka na wenye silaha, watu wakakimbia. Habari hiyo iliandikwa wakati ule. Ambacho hakiandikwi sana ni yale yaliyofuata baada ya waandishi kuondoka. Mtu aliyekimbia anapanga chumba, ananunua beseni, beseni linapasuka, anajaza udongo na kupanda mbegu.

Mbegu hiyo shangazi alipewa na mama mmoja sokoni. Aliniambia kwamba siku ile alikwenda kununua chumvi, akaona mbegu za kibuyu zimefungwa katika kipande cha karatasi, akasahau chumvi. Alizipanda mvua za kwanza ziliponyesha. Moja ndiyo iliyoota vizuri, ikapanda juu ya kamba ya kuanikia nguo mpaka ukingo wa bati.

Kule juu, kibuyu hakikuwa pambo. Ulikuwa na cha maziwa, cha kusukasukia siagi, cha maji, na kwa wengine cha kasiksi au cha kuwekea mbegu za maharagwe zisiliwe na wadudu. Ulipanda karibu na ua wa nyumba, mmea ukatambaa unavyotaka, na ulipopata tunda la umbo zuri uliliacha mpaka shina lake likauke lenyewe. Kisha unalitikisa sikioni. Ukisikia mbegu zinacheza ndani, limeiva. Unakata shingo, unatia maji yakae siku kadhaa mpaka nyama ya ndani ioze, unaweka vijiwe vidogo na kutikisa kwa nguvu, unamwaga, unarudia. Uchungu ukiisha, unafukiza ndani kwa moshi. Kazi hiyo ni ya miezi, na tangu zamani ni ya wanawake wenye subira.

Katika harusi, shangazi ndiye mtu mkubwa. Dada ya baba ndiye anayekaa na bibi arusi chumbani, ndiye anayemwambia yale ambayo mama hawezi kumwambia, na ndiye anayeonekana siku ile akiwa na kibuyu mkononi. Vibuyu vyake vya zamani viliteketea pamoja na nyumba. Ndiyo maana ua likianguka nyuma ya nyumba moja Baraka, watu 38 wanaambiwa.

Majibu yalianza kuingia usiku uleule. Wa kwanza alikuwa mjomba aliyeko Nyarugusu, mkoani Kigoma, upande wa pili wa ziwa. Kambi hiyo ilifunguliwa mwaka 1996, na yeye ni katika wale waliovuka wakati huo na hawakurudi. Wengine wa familia walirudi kwa meli za UNHCR zilizoanza kubeba watu kutoka Kigoma hadi Baraka mwezi wa Oktoba 2005, wakajenga upya, kisha wakakimbia tena. Mjomba huwakumbusha jambo hilo kila akipata nafasi. Safari hii alilikumbusha kidogo tu, halafu akasema kosa liko kwenye beseni: mizizi imejaa, udongo umechoka, mmea utahamishwa ardhini au utaendelea kutupa maua.

Wa pili alikuwa binamu yangu aliyeko Marekani. Kwake ilikuwa mchana, na nje kulikuwa na theluji. Yeye naye ana matatizo ya mimea, tena makubwa kuliko ya shangazi. Alinunua dukani maua ya ndani, matatu, ili sebule ipate rangi ya kijani. Moja limekufa. La pili majani yamekuwa ya njano. Alituma picha, tukaona udongo umelowa kabisa, maji yamesimama kwenye sahani. Kwa kuwa mashine ya kupasha joto inakausha hewa ya nyumba, alidhani mmea una kiu, akawa anaumwagia kila asubuhi kama mtu anayemwagilia kabichi wakati wa kiangazi. Mizizi ikaoza. Shangazi alicheka katika sauti yake iliyofuata mpaka akakohoa, kisha akamwelekeza: uache ukauke, uingize kidole kwenye udongo, kidole kikitoka kikavu ndipo utie maji.

Nimewahi kusikia wenzangu wa kazi wakidharau mazungumzo ya aina hii, kwamba watu wanamaliza mega kwa mambo ya bure. Mimi nahesabu tofauti. Kule Baraka, kuchaji simu ni pesa, mega ni pesa, na rezo yenyewe hupotea mvua ikinyesha. Mtu anayelipia vitu hivyo ili aseme ua limeanguka, bila shaka ameona lina thamani. Zamani Bibokoboko habari kama hizo hazikuhitaji simu. Ng'ombe akizaa usiku, kabla ya saa nne asubuhi kilima kizima kinajua, kwa sababu mtu amepita kuomba moto, mwingine amepita kwenda kisimani, mwingine anatoka sokoni. Mkuu wa kijiji hakuwa na haja ya kutangaza.

Aliyepata dawa ya maua alikuwa mdogo wangu, ambaye amesomea kilimo na tunamwita agronomu hata anapokosa kazi. Alimwomba shangazi apige picha jioni, jua likizama, kwa kuwa maua ya kibuyu ni meupe na hufunguka wakati huo. Picha zilipofika alieleza kwamba mmea una maua ya aina mbili. Ua dume linasimama juu ya kijiti kirefu chembamba. Ua jike lina kijitunda kidogo chini yake, kama kidole cha mtoto, chenye manyoya laini. Yaliyokuwa yanaanguka mengi yalikuwa madume, na hayo huanguka tu, ndiyo kazi yake imekwisha. Majike yalikuwa mawili matatu, na hayakupata vumbi la dume, maana wadudu wanaofanya kazi hiyo usiku ni wachache nyuma ya nyumba yenye moshi na taa. Basi shangazi achume ua dume, aondoe majani yake meupe, kisha alipanguse polepole katikati ya ua jike. Afanye hivyo jioni. Na aache kutupa maji ya sabuni ndani ya beseni.

Kuhusu sabuni, shangazi alikana. Siku mbili baadaye alikubali kwamba watoto wa jirani humwaga pale maji ya kufulia.

Kuhusu beseni, hakukubali. Hapo ndipo mazungumzo yalipokuwa mazito, na kwa siku moja nzima hakuna aliyetuma kicheko. Mjomba alirudia kwamba mmea uhamie ardhini. Shangazi alitoa sababu ya kwanza, kwamba uwanja ni wa mwenye nyumba na wapangaji wengine wanautumia. Baba mdogo akajibu kwamba mwenye nyumba ni mtu mwema, ataombwa. Ndipo akatoa sababu ya pili, kwa sauti ya sekunde kumi na moja ambayo niliisikiliza zaidi ya mara moja. Alisema hajaja Baraka kupanda vitu ardhini.

Kila mtu alimwelewa. Beseni unaweza kulibeba kichwani siku barabara ya kupanda mlima ikifunguka. Kilichopandwa ardhini kinabaki. Agronomu wetu angeweza kumwambia kwamba kibuyu ni mmea wa msimu mmoja, kitazaa na kukauka popote kilipo, na kitakachobebwa ni mbegu tu. Alijua, akanyamaza. Alichosema ni kwamba kuna mfuko wa saruji uliotumika, mkubwa kuliko beseni, na kwamba mfuko ukijazwa udongo mweusi wenye mbolea ya mbuzi, mizizi itapata nafasi na mfuko bado hubebeka. Shangazi aliuliza mfuko huo unapatikana wapi. Kesho yake kijana mmoja alimletea, na mmea ukahamishwa pamoja na udongo wake wote ili mizizi isishtuke.

Wakati huo mipango ya harusi iliendelea, nayo ina mambo yake. Mahari ilijadiliwa kwa simu kwa majuma matatu. Wazee wa upande wetu walitaka ng'ombe watajwe, japo kila mtu anajua ng'ombe walikwenda wapi. Wazee wa upande wa pili, ambao nao wamepoteza wa kwao, walikubali watajwe, kisha wakageuzwa kuwa dola, na dola zikapunguzwa, na mbuzi wawili wakabaki mbuzi kweli. Niliona jinsi watu wazima walivyokuwa waangalifu kutamka idadi ya ng'ombe ambao hawapo, mmoja mmoja, kwa rangi zao. Hakuna aliyecheka.

Michango inaendelea kutumwa. Binamu wa Marekani ameahidi vitenge vya mashangazi wote, na ubishi wa rangi umefunika kabisa habari ya maua yake. Mjomba wa Nyarugusu hatakuja, kwa sababu kutoka kambini kunahitaji ruhusa na kuvuka ziwa kunahitaji nauli, lakini amepewa dakika tano za kutoa baraka kwa simu, na tayari tumekubaliana kijana mmoja asimame kando yake kumkumbusha muda. Kule kijijini hakuna aliyeandikiwa kadi ya kualikwa. Watu walisikia, wakaja na kuni, maharagwe na mdomo. Sasa kuna orodha, na tayari watu wawili wamekasirika kwa kutoonekana humo.

Ua jike la tatu limeshika. Kijitunda kilichokuwa kama kidole sasa kina ukubwa wa ngumi ya mtu mzima, kina shingo nzuri, na shangazi amekifungia kitambaa kwenye kamba kisivute mmea chini. Ukipiga hesabu, hakitakauka kabla ya harusi. Kitahitaji miezi mingine kwenye mmea, kisha maji, vijiwe na moshi. Hilo lilisemwa kwenye grupu kwa upole, na shangazi akajibu kwamba yeye amelima tangu kabla hatujazaliwa, anajua. Siku ya harusi atabeba kibuyu cha kuazima, cha mama yuleyule wa sokoni aliyempa mbegu.

Hicho kichanga amekiwekea nafasi. Baba mdogo ana binti mwingine, wa darasa la tano.

Jana jioni sauti nyingine iliingia, ya dakika tatu. Mbuzi wa jirani amekula majani manne na ncha ya mmea. Tunda halikuguswa. Mbuzi, kwa maelezo ya shangazi, ni mmoja wa wale wawili wa mahari, aliyeletwa mapema kwa sababu nauli ya pikipiki ilipatikana, na sasa amefungwa upande wa pili wa nyumba kwa kamba fupi.

Binamu wa Marekani ameuliza kama ncha itachipuka tena. Agronomu bado hajajibu, simu yake haina moto.