Hekalu Lililohamia Kilimani

Katika nchi ya Japani, kusini ya mji wa Osaka, iko milima yenye misitu mikubwa na mvua nyingi, iitwayo Kii. Ndani yake limo hekalu la dini ya Shinto, jina lake Kumano Hongu. Kwa muda wa miaka elfu na zaidi watu wamelizuru, wafalme kwa wakulima, wanaume kwa wanawake, na hapo zamani walikwenda kwa miguu siku nyingi.

Mgeni afikapo huinama langoni, hunawa mikono na kusukutua kinywa, kisha hupanda ngazi 158 za mawe. Mbele ya hekalu huinama mara mbili, hupiga makofi mara mbili, na huinama tena mara moja. Mapaa yake yameezekwa kwa maganda ya miti.

Lakini hapo kilimani sipo mahali pake pa asili. Zamani hekalu lilisimama bondeni, juu ya mchanga ambapo mito hukutana. Mwezi wa Agosti, 1889, ilinyesha mvua isiyo na kifani. Milima iliporomoka, mto ukafurika, na majengo mengi yakachukuliwa na maji. Husemwa kwamba miti ya juu ilikuwa imekatwa mno, hata udongo ukakosa mizizi ya kuushika. Huko Totsukawa, juu ya mto huo huo, watu 168 walikufa. Wengine wapatao 2,500 walipoteza makao yao, wakahamia kisiwa cha Hokkaido, mbali kaskazini, wakaanzisha kijiji wakakiita Totsukawa Mpya.

Majengo ya hekalu yaliyosalia hayakurudishwa bondeni. Mwaka 1891 yalisimamishwa juu ya kilima. Hata hivyo mahali pa kale hapakusahauliwa. Mwaka 2000 palijengwa lango kubwa, urefu wake kwenda juu futi 111, nao wageni hupita chini yake kwa heshima. Mwaka 2004 hekalu na njia zake za kale zilitiwa katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia.

Mwezi wa Septemba, 2011, tufani ilileta mafuriko tena. Maji yalifunika mahali pa kale, lakini nyumba takatifu zilizo kilimani zilisalimika. Waliozihamisha miaka 120 kabla walikuwa wamejifunza kwa msiba, na vitukuu vyao wakavuna faida.