Mahindi, Jirani Zake na Kuvu wa Ardhini

Mkulima anayechanganya mahindi na jamii ya kunde huulizwa kwanza amevuna magunia mangapi. Watafiti wa udongo wana swali jingine: mizizi ya mazao hayo ilikutana?

Katika mkoa wa Gansu, China, Li Long na wenzake walipanda mahindi kando ya maharage ya faba kwenye udongo wenye uhaba wa fosforasi. Ili kujua nani anamsaidia nani, walizika vizuizi kati ya mistari: vingine havipitishi kitu, vingine ni nyavu zinazoruhusu virutubisho kupita lakini zikaizuia mizizi. Matokeo yao ya miaka minne, yaliyochapishwa mwaka 2007, yalionyesha mahindi yakizidi yale yaliyopandwa peke yake kwa wastani wa asilimia 43, na faba kwa asilimia 26. Mizizi ya faba hutoa asidi zinazoifungua fosforasi iliyonata kwenye chembe za udongo, na mahindi nayo yanaifaidi.

Hapo hatujataja kijidudu hata kimoja. Lakini majimaji hayohayo ya mizizi, yenye sukari na asidi, ndiyo chakula cha bakteria na kuvu wanaoizunguka. Kila zao lina mapishi yake. Ukipanda zao moja miaka nenda rudi, unalisha walaji walewale, wakiwemo wale wanaoleta magonjwa ya mizizi.

Kwetu mfano mzuri ni kilimo cha vuta-sukuma, kilichoanzia kituo cha icipe, shirika la utafiti wa wadudu, huko Mbita nchini Kenya, kando ya Ziwa Victoria. Desmodi, mmea wa jamii ya kunde, hupandwa kati ya mistari ya mahindi kufukuza nondo wa funza wa mashina na kudhibiti gugu la kiduha. Matete huzunguka shamba kuwanasa nondo hao. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021 ulilinganisha udongo wa mashamba ya mahindi na desmodi ya muda mrefu na ule wa mahindi matupu. Jamii za vijidudu zilikuwa zimebadilika, na kuvu walibadilika zaidi ya bakteria. Nadhani hili lina mantiki: desmodi haing'olewi msimu ukiisha. Hukatwa kulisha ng'ombe, ikachipua tena, na mizizi yake hubaki hai wakati mabua ya mahindi yamekwisha kukauka. Kuvu, wenye nyuzi ndefu zinazokatwa na jembe kila tunapolima, wanahitaji utulivu wa namna hiyo.

Mwelekeo wa sasa ni kusoma DNA iliyomo kwenye kijiko cha udongo. Ni chombo chenye nguvu, ila kina mtego wake. Mwaka 2016 watafiti wa Marekani walionyesha kuwa, kwa wastani, takriban asilimia 40 ya DNA waliyoikuta udongoni ilikuwa mabaki, haikutoka kwenye seli zilizo hai. Orodha ndefu ya majina, basi, haituambii nani anafanya kazi. Ndiyo maana maabara nyingi sasa zinapima pia RNA na vimeng'enya, yaani kazi yenyewe.

Kwa hiyo nikikuta utafiti wa msimu mmoja unaotangaza kuwa mseto umeufufua udongo, huangalia kwanza sampuli zilichimbwa wapi, kwenye mzizi au katikati ya mistari, na mwezi gani.