Wiski ya Miaka Mingi: Unanunua Ladha au Uhaba?

Chupa mbili za wiski ya Uskoti zaweza kutoka kiwanda kimoja, moja ya miaka 12 na nyingine ya miaka 25, na hii ya pili ikauzwa kwa bei mara kadhaa ya mwenzake. Mnunuzi huamini kwamba pengo hilo ndilo ubora. Kwa kweli, umri hutueleza zaidi gharama ya kuitengeneza wiski kuliko utamu wake.

Gharama yenyewe ni ya kweli. Kisheria, wiski ya Uskoti hukaa ndani ya mapipa ya mwaloni kwa muda usiopungua miaka 3, na umri unaoandikwa kwenye chupa ni wa wiski changa kuliko zote zilizomo. Kila mwaka takriban asilimia 2 hupotelea hewani kupitia mbao za pipa. Watengenezaji huiita hasara hiyo fungu la malaika. Kwa hesabu hiyo, miaka 12 ikipita hubaki karibu asilimia 78, na miaka 25 ikipita, asilimia 60. Ongeza kodi ya ghala na mtaji uliolala robo karne. Lakini upungufu wa kiasi hicho hautoshi kuirusha bei mara kadhaa. Sehemu kubwa ya kinacholipiwa ni uhaba na fahari.

Wapo watakaosema kwamba muda ndio huleta ladha. Ni kweli, ila kwa kiasi. Mwaloni huipa wiski rangi, harufu ya vanila na ukakasi. Pipa lililochoka halina la kutoa hata likingojewa miaka, na pipa lenye nguvu likiachwa mno huifunika ladha ya shayiri. Hali ya hewa nayo ina neno. Kiwanda cha Kavalan, katika joto la Taiwan, kilianza kuzalisha mwaka 2006. Kufikia 2015 wiski yake ilitajwa kuwa bora duniani kati ya zile za kimea kimoja katika World Whiskies Awards. Haikuwa na hata miaka 10.

Wengine watasema ulimi haudanganyiki. Utafiti uliochapishwa mwaka 2008, wenye majaribio zaidi ya 6,000 ya kuonja mvinyo bila kujua bei, uligundua kwamba wanywaji wa kawaida hawakuipenda zaidi ile ya ghali. Waliipenda pungufu kidogo. Kwa waliofundishwa kuonja, hali hiyo haikujitokeza. Mvinyo si wiski, lakini somo ni moja: bei ikifichwa, sifa nyingi huyeyuka.

Kwa hiyo, mwenye kununua ili anywe, miaka 12 hadi 18 yamtosha. Kabla ya kulipia zaidi, onja zote mbili bila kuziona chupa. Wala usinunue changa uiweke kabatini ikomae: wiski ikishatoka kwenye pipa, haikui tena.