Modemu ya Mamtoni ilivyonitoa nishai!

Wiki hii nakusimulia nilivyoingizwa mjini mchana kweupe, ili yasikukute na wewe.

Mdogo wangu wa kike alikuwa amemaliza kidato cha sita na anataka kuomba mkopo wa chuo kikuu. Kama unavyojua, maombi ya Bodi ya Mikopo hufanyika kwa intaneti. Pale kwenye vibanda vya intaneti foleni ilikuwa ndefu kuliko ya karashani, na ukikosea fomu unalipa upya. Zilibaki siku tano dirisha lifungwe. Kaka mkubwa nikajipiga kifua: "Mdogo wangu, tulia. Intaneti naileta hapa hapa nyumbani."

Nikaenda duka moja mjini Kahama, jina nalihifadhi. Kijana wa dukani akanimwagia sera: "Braza, mzigo huu umetoka Mamtoni, Marekani kabisa! Chomeka laini tu, unapeta." Nikatoa shilingi 65,000, akiba yangu ya miezi miwili.

Nyumbani nikaichomeka. Taa zikawaka kama Krismasi, lakini mtandao hola! Kesho yake nikarudi, nikaambiwa imefungwa kwa kampuni ya huko ilikotoka, nitoe 15,000 ifunguliwe. Nikatoa. Bado kimya. Siku ya tatu jamaa akanikazia macho: "Braza, mali ikishauzwa hairudi." Nikaishiwa nguvu. Siku mbili zimebaki, mdogo wangu analia chumbani, Mama ananiangalia tu bila kusema neno.

NILIKOSEA WAPI?

Fundi simu mmoja wa mtaani ndiye aliyenifumbua macho. Kule Marekani watu wengi hupata intaneti kupitia waya ule ule wa televisheni. Tangu mwaka 1997 wana kanuni moja ya modemu hizo, inaitwa DOCSIS, kwa hiyo mteja anaweza kununua ya kwake dukani na kuacha kulipia kodi ya ile ya kampuni. Huku kwetu nyumba nyingi hupata televisheni kwa antena au dishi. Intaneti yetu kwa sehemu kubwa huja hewani, kutoka mnara wa simu. Kwa hiyo modemu yako ni redio, na redio lazima ishike stesheni za hapa.

Minara ya 4G ya Tanzania hutumia masafa kama 700, 800, 1800 na 2300. Kisanduku changu kilitengenezwa kwa masafa ya Marekani. Hata kikifunguliwa mara kumi, kitakuwa kama redio isiyo na stesheni ya kwenu. Kizima, lakini kiziwi!

MDOGO WANGU ALIOKOKAJE?

Hapa ndipo nilipotaka ardhi ipasuke. Fundi akauliza, "Simu yako si ina 4G?" Nikamjibu ndiyo. Akaiweka dirishani upande wenye mnara, akawasha hotispoti, kompyuta ya kuazima ikashika. Usiku ule ule maombi yakatumwa, siku moja kabla ya dirisha kufungwa. Shilingi 80,000 zimeteketea, na dawa ilikuwa mfukoni mwangu!

Baadaye nilichanga upya nikanunua ruta sahihi, maana simu ya hotispoti hupata joto, huisha chaji, na ukitoka nayo nyumba nzima inabaki gizani. Sasa kaa mkao wa kula nikupe somo.

JINSI YA KUCHAGUA

Kwanza, pima mnara kabla ya kununua sanduku. Azima laini za mitandao tofauti kwa majirani, zitie kwenye simu yako na upime kasi sebuleni kwako, asubuhi na saa mbili usiku watu wote wanapokuwa mtandaoni. Usifuate tangazo. Mtandao unaopeta Geita mjini unaweza kuchechemea Mgusu.

Pili, uliza kama sanduku liko wazi kwa laini zote au limefungwa kwa kampuni moja. La kufungwa si baya kama kampuni hiyo ndiyo yenye mnara mzuri kwako, ila ukihama nyumba unaweza kukwama nalo. Soma masafa kwenye boksi. Masafa ya chini, 700 na 800, hufika mbali na hupenya kuta vizuri zaidi, mazuri kwa walio pembeni ya mji.

Tatu, jaribu hapo hapo dukani kwa laini yako na upewe risiti. Muuzaji akikataa, kula kona!

Nne, laini ya ruta husajiliwa kwa namba ya NIDA na alama za vidole kama laini nyingine. Usikubali iliyosajiliwa kwa jina la mtu mwingine.

Kama mtaani kwenu faiba imefika, hadithi ni nyingine. Mkongo wa Taifa, ulioanza kujengwa mwaka 2009, umepita Shinyanga kuelekea Mwanza. Kwa faiba, kisanduku cha mwanzo hutoka kwa kampuni kwa sababu lazima kitambuliwe na mitambo yao. Usinunue chako kabla ya kuwauliza.

JINSI YA KUFUNGA

Bati ni adui wa mawimbi. Usiifiche ruta kabatini wala nyuma ya friji. Iweke juu, dirishani, upande wa mnara. Kisha fungua ukurasa wake kwa anwani iliyoandikwa kwenye kibandiko chini yake, utafute namba iitwayo RSRP. Ikiwa karibu na -85, uko bomba. Ikizidi kushuka kuelekea -110, sogeza ruta dirisha jingine. Kusogea hatua mbili tu kunaweza kubadili mambo.

Badilisha nywila ya kiwandani siku hiyo hiyo, la sivyo mtaa mzima utakunywa bando lako. Na usichanganye herufi: kasi ya Mbps 8 hushusha MB 1 tu kwa sekunde. Filamu yenye picha safi inaweza kula hadi GB 3 kwa saa, kwa hiyo bando la GB 5 halimalizi filamu mbili.

Umeme nao una maringo. Ruta nyingi hutumia volti 12, hivyo betri dogo la akiba linaweza kuishikilia saa kadhaa. Lakini mvua ikinguruma, chomoa kila kitu ukutani. Kanda yetu radi haina mzaha: Oktoba 2018 iliua wanafunzi 6 katika shule moja ya msingi mjini Geita.

Mdogo wangu sasa yuko chuo, mkopo alipata. Kile kisanduku cha Mamtoni bado kiko juu ya kabati, Mama amekataa kisitupwe. Kila nikitaka kununua kitu kwa pupa, anakinyooshea kidole tu. Mjini shule, msomaji wangu, na ada mimi nimeshakulipia.

Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa!