Kwa Nini Tulifunga Mpaka?

Ukitoka Ngara kwenda Rwanda utafika Rusumo. Hapo pana daraja juu ya mto Kagera. Tarehe 28 Aprili 1994 watu walianza kumiminika darajani hapo kuja kwetu. Walikuja kwa miguu, mzigo kichwani na mtoto mgongoni. Usiku uliingia, wao wanavuka tu. Kwa muda wa siku moja hivi, watu wapatao 250,000 walikuwa wameingia Tanzania.

Hebu fikiri. Wageni laki mbili na nusu, kwa siku moja! Hakuna nyumba, hakuna choo, hakuna hata sufuria ya kutosha. Lakini waliingia. Hakuna aliyewazuia.

Miezi kumi na moja tu baadaye, tarehe 31 Machi 1995, serikali yetu ilifunga mpaka wa Burundi. Siku hiyo maelfu ya Wanyarwanda waliokuwa wamekimbilia Burundi walikuwa njiani, wanakuja kwetu. Wakaambiwa basi, msije.

Mbona tulibadilika hivyo? Wengine husema eti Watanzania tulichoka ukarimu. Sisi tunaona jibu hilo halitoshi.

Mkimbizi ni nani

Mkimbizi si mtu aliyehama kutafuta kazi. Ni mtu aliyeikimbia nchi yake kwa sababu ya vita, au kwa kuogopa kuuawa au kuteswa. Mwaka 1969 nchi za Afrika zilikubaliana juu ya jambo hili huko Addis Ababa. Zilisema mkimbizi asirudishwe kwa nguvu mahali ambapo maisha yake yako hatarini. Zilisema pia kwamba nchi inayompokea mkimbizi haifanyi uadui kwa nchi alikotoka. Tena mkimbizi akae mbali na mpaka, ili vita visimfuate.

Hilo la mwisho sisi tulilijua kabla ya wengi. Wakati wa vita vya ukombozi vya Msumbiji, watu wa Ruvuma na Mtwara waliishi na wakimbizi. Kisha ukaja mwaka 1972.

Jembe na shamba

Mwezi Aprili 1972 waasi walishambulia sehemu za kusini za Burundi na kuua watu. Jeshi la serikali likalipiza kisasi kwa Wahutu, hata wasiohusika. Walimu, makarani na wanafunzi walisakwa. Mtu aliyejua kusoma alikuwa hatarini kuliko asiyejua. Waliokufa walizidi laki moja. Makumi ya maelfu walikimbilia Kigoma.

Mwaka 1973 ndege za Burundi zilishambulia vijiji vyetu vya mpakani, na Watanzania wakafa. Wafanyakazi wa bandari walikataa kupakua mizigo ya Burundi. Wakimbizi hawakufukuzwa. Walipelekwa mbali na mpaka, katika pori la miombo lenye mbung'o. Yalifunguliwa makazi matatu: Ulyankulu katika mkoa wa Tabora, na Katumba na Mishamo huko Mpanda.

Angalia neno hilo: makazi. Si kambi. Kila familia ilipewa shamba, jembe na mbegu. Posho ilitolewa mpaka mavuno yalipopatikana. Walifyeka pori, wakalima mahindi, muhogo, maharage na tumbaku. Kufikia katikati ya miaka ya 1980 makazi yote matatu yalikuwa yanajilisha, na mazao mengine yaliuzwa nje. Mwaka 1983 Mwalimu Nyerere alipewa nishani ya Nansen, ambayo hutolewa kwa watu waliowasaidia wakimbizi.

Tusipambe mno. Mkimbizi wa Katumba hakuwa huru kwenda atakako. Alitakiwa kuwa na kibali ili atoke. Lakini alikula jasho lake, na jirani yake Mtanzania hakumwona kuwa mzigo.

Ngara ilivyoelemewa

Sasa turudi Ngara. Mwezi Aprili 1994 mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yalikuwa yanaendelea Rwanda. Maiti zilielea katika mto Kagera mpaka Ziwa Viktoria. Wengi wa waliovuka Rusumo walikuwa Wahutu. Walilikimbia jeshi la RPF lililokuwa linasonga mbele. Kati yao walikuwemo mama na watoto wasio na kosa lolote. Walikuwemo pia watu waliotoka kuua majirani zao, pamoja na viongozi waliowaamuru kuua. Wote waliingia kambi moja, ya Benaco, na wote walipewa posho ileile. Nani angewatenganisha?

Baada ya muda mfupi wakimbizi wa Ngara walikuwa wengi kuliko wenyeji. Hawakupewa mashamba, maana ardhi ya kuwatosha wote haikuwepo. Walipewa mahindi na maharage makavu. Na wewe mama unayepika unajua maharage makavu yanavyokula kuni. Vilima vilivyokuwa na miti vilibaki vipara. Visima vilikauka kwa kutekwa maji usiku na mchana. Ujambazi ukaongezeka.

Lakini si kila mwenyeji alipata hasara, na hapa ndipo watu wengi hukosea wakilisimulia jambo hili. Mwenye shamba kubwa alipata vibarua wa bei rahisi. Mwenye duka aliuza. Mwenye ndizi aliziuza kwa bei nzuri. Aliyesoma alipata kazi katika mashirika ya misaada. Barabara zilitengenezwa. Aliyeumia ni yule maskini wa kijijini, ambaye alizoea kulima kibarua kwa jirani. Kazi yake ilichukuliwa na mkimbizi aliyekubali ujira mdogo zaidi, kwa kuwa posho anayo. Mama asiye na baiskeli alitembea mbali zaidi kutafuta kuni. Hao ndio waliolalamika, na walikuwa na haki.

Siasa ikaingia

Mwaka 1995 ulikuwa mwaka wa uchaguzi mkuu. Ulikuwa wa kwanza tangu vyama vingi kurudishwa mwaka 1992. Malalamiko ya wananchi yakawa mtaji jukwaani. Mgombea aliyesema wakimbizi waondoke alipigiwa makofi. Serikali nayo ilikuwa na shida ya fedha, na ilisema wazi kwamba mataifa tajiri yametuachia mzigo. Ilitaja usalama, misitu na gharama. Ndipo mpaka ukafungwa.

Mwezi Desemba 1996 lilitoka tangazo la serikali pamoja na Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi. Lilisema Wanyarwanda wote warudi kwao kabla ya mwisho wa mwezi. Wengi hawakutaka. Badala ya kwenda Rusumo waliingia porini kuelekea mashariki, wengine wakitaka kufika Kenya au Malawi. Askari wetu waliwazuia na kuwageuza. Karibu watu laki tano walivuka daraja lilelile, safari hii wakirudi.

Sisi tunasema hivi: malalamiko ya wanakijiji yalikuwa ya kweli, lakini kumrudisha mtu kwa mtutu wa bunduki hakulingani na yale tuliyokubali mwaka 1969. Kati ya waliorudishwa wapo waliokuwa na mikono safi na hofu ya kweli. Muda wa kumsikiliza mmoja mmoja haukutolewa.

Mwaka 1998 ilitungwa sheria mpya ya wakimbizi. Tangu hapo habari ya jembe na shamba ikafifia. Wakimbizi walitakiwa kukaa kambini, na kutoka bila kibali likawa kosa. Warundi waliokimbia tena mwaka 2015 walijazana kwanza Kagunga, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, ambako kipindupindu kiliua watu. Meli ya Liemba iliwabeba mpaka Kigoma, kisha wakapelekwa kambi ya Nyarugusu. Walipokelewa, ndiyo. Lakini walipokelewa kambini.

Na wale wa 1972?

Mwaka 2007 serikali iliwauliza watu wa Ulyankulu, Katumba na Mishamo: mnarudi Burundi, au mnataka uraia? Walikuwa wapatao 218,000, na wengi wao walizaliwa hapahapa. Katika kila watu watano, wanne walisema tunabaki.

Mwaka 2010 ilitangazwa kwamba watu wapatao 162,000 wamekubaliwa kuwa raia. Lakini vyeti havikutolewa. Sharti lilikuwa wahame makazi yale na kutawanywa katika mikoa mingine. Wao hawakutaka kuacha mashamba waliyoyafyeka wenyewe, na mikoa mingine haikuwa na hamu ya kuwapokea. Uraia wa Burundi walikuwa wameukana. Kwa miaka minne waliishi hivyo, kwao Burundi si kwao tena, na karatasi ya Tanzania hawana.

Mwishowe sharti la kuhama liliachwa. Vyeti vilianza kugawiwa mwaka 2014, na wakabaki na mashamba yao.