Ofisi ikiibiwa kwa mtandao, fundi asiguse kwanza!

Wadau, kuna ofisi moja (jina kapuni) iliniita baada ya hela kuhamishwa kwa barua pepe feki. Nafika, nakuta fundi wao keshafomati kompyuta ya mhasibu eti anaua virusi. Nilichoka! Tungepekua nini tena?

Ofisi ikitaka kuweza kuchunguza mambo haya, isikimbilie programu za bei mbaya. Ianze na mtu mmoja mwenye mamlaka ya kusema "hakuna kugusa". Kompyuta ikiwa inawaka, chomoa waya wa mtandao lakini usiizime, maana vilivyomo kwenye ramu hupotea umeme ukikatika. Diski inakopiwa yote, kisha ya asili na nakala zinapigiwa hesabu ya heshi. Namba zikilingana, wakili atapata tabu kudai mmechomekea kitu. Kila aliyeishika anaandikwa daftarini, saa na sahihi.

Rekodi za seva zitunzwe pia kwenye mashine nyingine. Benki Kuu ya Bangladesh ilipoibiwa dola milioni 81 mwaka 2016, wezi walifuta rekodi na kuchezea printa ya miamala. Wafanyakazi wakadhani printa mbovu tu, kama siku zote!

Polisi wetu wana Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, ila diski iliyofomatiwa hovyo inawapa nini? Yule mhasibu, dada wa watu, ndiye aliyesimamishwa kazi. Cha kumtetea kilikuwa humo humo kwenye ile diski.