Kichaa cha Mbwa Hakiishi kwa Risasi

Katika mipaka ya Busia na Malaba, msafiri atokaye Kenya kuingia Uganda hutakiwa kuonyesha hati zake. Mbwa haulizwi hati. Hupita vichochoroni na mashambani apendavyo, akafika hata Busitema, na akiwa na kichaa huvuka nacho. Kwa sababu hiyo ugonjwa huu hauwezi kumalizwa na nchi moja peke yake, na unawahusu sana askari, ambao hukutana na mbwa malindoni, katika doria za usiku na makambini mwao wenyewe.

Kichaa cha mbwa huenezwa na mate ya mnyama mgonjwa, aghalabu anapouma. Virusi husafiri katika mishipa ya fahamu hadi ubongoni, na kwa kawaida dalili huonekana baada ya miezi miwili au mitatu. Zikishaonekana, kupona ni jambo la nadra mno. Duniani hukadiriwa kufa watu wapatao 59,000 kila mwaka, karibu wote kwa kuumwa na mbwa. Na hali kinga imejulikana tangu mwaka 1885, Louis Pasteur alipomchanja mtoto aliyeumwa, naye asiugue.

Aliyeumwa na aoshe jeraha mara hiyo kwa sabuni na maji yanayotiririka, dakika 15 kamili, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo kuanza sindano. Asiziache katikati eti kidonda kimekauka.

Wenye bunduki wana kosa lao maalumu. Mbwa akiuma mtu hupigwa risasi papo hapo, tena kichwani. Kumbe ubongo ndio unaopimwa maabara. Iwapo yawezekana bila hatari, afungwe na kuangaliwa siku 10. Akibaki mzima, hakuwa na virusi mateni alipouma. Sindano za majeruhi hazingojei siku hizo.

Misako ya kuua mbwa wa mitaani nayo haimalizi ugonjwa, kwani nafasi zao huchukuliwa upesi na wengine wasiochanjwa. Kinachokata mnyororo ni kuchanja angalau mbwa 70 katika kila 100, pande zote mbili za mpaka, na kurudia. Mbwa wa kazi wa polisi ana mtunzaji wake. Yule alishwaye makombo nyuma ya jiko la kambi, ambaye kila askari humwita wake na hakuna amwandikishaye, ndiye wa kupelekwa kwanza kwa daktari wa mifugo wa wilaya.